Oak Park haikugeuka kama Austin: ni misimamo ya wakazi au ni hesabu za soko?

#1 Mpimaji wa Mitaa
Wakuu, kuna jambo naomba tulichambue. Oak Park, Illinois, ni manispaa ndogo iliyoshikana na Chicago upande wa magharibi. Mpaka ni barabara tu, Austin Boulevard. Ukivuka kwenda mashariki uko Austin, ambayo ni sehemu ya Chicago. Mwaka 1970 Weusi walikuwa kama theluthi ya wakazi wa Austin. Kufika 1980 walikuwa karibu robo tatu. Ule mtaa uligeuka, Wazungu wakitoka na Weusi wakiingia, kipande kwa kipande, kutoka mashariki kwenda magharibi, na wengi walijua Oak Park ndiyo inayofuata.

Haikufuata. Mwaka 1970 ilikuwa na Weusi 132 kati ya watu zaidi ya 62,000. Mwaka 1980 wakawa kama asilimia 11, na mwaka 2000 wakapita asilimia 20, huku Wazungu wengi wakibaki. Jibu linalorudiwa kila mara ni kwamba watu wa kule ni wa mrengo wa kimaendeleo na wanathamini utofauti. Mimi siamini kwamba maadili peke yake yanaweza kumshinda mtu mwenye hofu kuwa nyumba yake inashuka bei. Nani ana maelezo mengine?

#2 Mama Ramani
Hilo la "watu wema" lizikwe mapema. Percy Julian, mwanakemia Mweusi mwenye sifa dunia nzima, alinunua nyumba Oak Park mwaka 1950. Kabla hajahamia, watu walijaribu kuichoma moto mwezi Novemba. Juni 1951, familia ikiwa imeshahamia, ikarushwa baruti. Ni manispaa hiyohiyo na wakazi wengi walewale. Kama tunu ndizo zilizofanya kazi, basi mtu atueleze zilitoka wapi ndani ya miaka 20.

#3 Dalali Mstaafu
Kabla hamjaenda kwenye tunu, eleweni kwanza Austin iligeuzwaje. Haikujigeuza.

Dalali anachagua block moja (kipande cha nyumba kati ya barabara na barabara). Ananunua au anauza nyumba moja kwa familia ya Weusi, kisha anahakikisha majirani wanajua. Simu zinaanza kupigwa usiku, vikaratasi vinapitishwa milangoni: "Tunanunua kwa pesa taslimu, uza sasa." Wa kwanza kuogopa anauza chini ya bei. Dalali anageuka na kumuuzia mnunuzi Mweusi kwa bei ya juu sana, maana huyo hana pa kwenda kwingine. Serikali kuu tangu 1934 ilikuwa inadhamini mikopo ya nyumba, lakini maeneo yenye Weusi iliyakwepa, kwa hiyo benki nazo zikayakwepa.

Hapo ndipo inaingia mauzo ya mkataba. Mnunuzi anatoa malipo ya awali, halafu analipa kila mwezi, lakini hati inabaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Akikosa mwezi mmoja anaweza kutolewa na asiambulie chochote, na nyumba ikauzwa tena kwa mwingine. Ili kukimbizana na malipo hayo familia nyingi zilipangisha vyumba na kuahirisha matengenezo. Jirani Mzungu akaona nyumba inachakaa, akasema "si niliwaambia". Kwa hiyo uchakavu ulitokana na masharti ya mkopo, rangi ya mnunuzi ikabebeshwa lawama.

#4 Kalamu Nyekundu
Dalali yuko sahihi. Naongeza sheria, maana watu huchanganya tarehe. Sheria ya makazi ya shirikisho, iliyokataza kubagua kwa rangi katika kuuza na kupangisha nyumba, ilisainiwa tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Oak Park ilipitisha yake Mei mwaka huohuo. Watu huuliza: ya nini kupitisha sheria juu ya sheria?

Kwa sababu ile ya shirikisho ilikuwa na matundu. Ilisamehe jengo lenye nyumba zisizozidi nne ikiwa mwenyewe anaishi humo. Utekelezaji nao ulikuwa legelege, na haukupata meno ya maana hadi marekebisho ya 1988. Manispaa ikiwa na sheria yake, inaweza kupokea malalamiko palepale na kumwita mwenye nyumba bila kusubiri Washington.

#5 Bi Hesabu
Mpimaji, hofu yako kuhusu maadili ina msingi wa kihesabu. Mwanauchumi Thomas Schelling alionyesha mwaka 1971 kwamba mtaa unaweza kutengana hata kama hakuna mtu anayetaka utengano. Jaribu mwenyewe mezani, hutahitaji kompyuta.

Chukua ubao wa miraba 64. Acha pembe nne tupu, panga sarafu 60 za aina mbili kwa kupishana. Kanuni: kila sarafu inataka zaidi ya theluthi ya majirani zake wawe wa aina yake, na jirani ni yeyote kwenye miraba minane inayoizunguka. Kwa mpangilio huo wote wameridhika. Sasa ondoa sarafu 20 kwa kubahatisha, rudisha 5 popote. Anza kuhamisha zisizoridhika, moja moja, kila moja iende mraba mtupu wa karibu unaoiridhisha. Kila inayohama inaharibu hesabu ya ilikotoka na ilikokwenda. Mwishoni utaona makundi, wakati kila sarafu ingekubali kuwa wachache.

Watu wengi wakijaribu hukosea kwenye nafasi tupu. Wakiacha miraba miwili mitatu tu, mchezo unakwama mapema na wanadhani kanuni si kweli. Nafasi tupu ndizo zinazoendesha mambo. Hilo mlishike.

#6 Mpimaji wa Mitaa
Asante Bi Hesabu. Kwa hiyo tukikubali #5, wakazi wanaweza kuwa na tunu nzuri kabisa na mtaa ukageuka vilevile. Basi Oak Park ilifanya nini ambacho Austin haikufanya?

#7 Kalamu Nyekundu
Wengi watakuambia ni bima. Mwaka 1978 Oak Park ilianzisha mpango wa kudhamini thamani ya nyumba. Utaratibu wake: mwenye nyumba anajiandikisha kwa hiari, mthamini anakuja kuandika thamani ya siku hiyo, thamani ile inawekwa kwenye faili. Inabidi akae miaka mitano. Baada ya hapo akiuza kwa bei ya chini kuliko ile iliyoandikwa, manispaa inamfidia asilimia 80 ya hasara.

Kwa nini isiwe 100? Mwenye nyumba abaki na sehemu ya hasara, asije akaacha paa livuje na kuuza kizembe akijua analipwa. Na miaka mitano ni kwa sababu ugonjwa wenyewe ni haraka. Hofu ya kuuza huwaka ndani ya miezi, kwa hiyo ukimfanya mtu asubiri, umeshaua nusu ya hofu.

Hakuna fidia hata moja iliyowahi kulipwa.

#8 Chombezo
Bima isiyolipa mtu tangu izaliwe? Hiyo kwetu tunaiita hirizi 😂

#9 Kalamu Nyekundu
Cheka, lakini ndivyo ilivyokusudiwa. Hofu ya bei hujitimiza yenyewe: wote wakiamini bei itashuka, wanauza, inashuka. Ukiwaondolea sababu ya kuamini, haishuki, na hulipi kitu. Chicago nayo ilifuata kwa sheria ya jimbo ya 1988, kwa mitaa ya kusini-magharibi, ikigharimiwa na kodi ndogo ya majengo kutoka kwa wakazi wenyewe.

#10 Bi Hesabu
Kalamu, hapo umeruka hatua. Bima isiyolipa inakubaliana na maelezo mawili: kwamba ilizuia hofu, au kwamba hofu ilikuwa imeshapoa kabla ya 1978 na bima haikuwa na kazi. Waliojiandikisha walikuwa wachache sana ukilinganisha na idadi ya nyumba. Kama dawa waliinywa wachache, mtaa mzima ulipona kwa nini?

#11 Dalali Mstaafu
Bi Hesabu kagusa penyewe. Tena mnahangaika na nyumba za kununua wakati mlango wenyewe ulikuwa nyumba za kupanga. Ukanda wa mashariki wa Oak Park, uliopakana na Austin, una majengo mengi ya ghorofa tatu nne ya zamani. Rudini #5: nafasi tupu ndizo injini. Nyumba ya familia hukaa miaka mingi bila kuuzwa. Nyumba ya kupanga huwa wazi kila mkataba unapoisha, na mikataba mingi ni ya mwaka mmoja. Kwa hiyo jengo la nyumba 24 linaweza kubadilika lote ndani ya miaka miwili mitatu bila mtu yeyote kuuza chochote.

Kituo cha makazi cha Oak Park kilianzishwa mwaka 1972 na Roberta Raymond kwa ajili hiyo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa hivi. Mtu anafika anatafuta pa kupanga, huduma ni bure. Mshauri anamuuliza bajeti, vyumba vingapi, usafiri, kisha anampa orodha. Kwa kawaida Mzungu angeenda mwenyewe katikati au magharibi, na Mweusi angeelekezwa mashariki na madalali wa nje. Kituo kiligeuza: Mzungu anahimizwa kwenda kuona majengo ya mashariki, Mweusi anahimizwa kuangalia manispaa nzima. Uamuzi ni wa mteja. Wakati huohuo wenye majengo wanapewa ruzuku na mikopo nafuu ya matengenezo, kwa sharti kwamba nyumba zikiwa wazi zitangazwe kupitia kituo.

Sehemu ya pili ndiyo watu huisahau. Huwezi kumshawishi mtu apange jengo lenye ngazi gizani na boila ya kupashia joto inayokatika Januari, wakati wa baridi. Ushauri bila matengenezo hushindwa ndani ya msimu mmoja.

#12 MwanaKatiba
Hapo sasa. Kumwelekeza mteja kwa rangi yake ndiko sheria ya 1968 ilikokataza. Mnaita ushauri kwa sababu nia yake ni nzuri. Angalia Starrett City, Brooklyn, majengo ya nyumba 5,881. Waliweka viwango: asilimia 64 Wazungu, 22 Weusi, 8 wenye asili ya Kilatini. Nia ilikuwa kulinda mchanganyiko. Matokeo yake Mweusi alisubiri muda mrefu kuliko Mzungu kwa nyumba ileile. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ikasema ni haramu.

#13 Kalamu Nyekundu
MwanaKatiba, tofautisha. Starrett walimfungia mtu mlango. Oak Park walimwongezea mtu orodha. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya shirikisho kule Chicago, kwenye kesi ya vitongoji vya kusini, ilikubali kutangaza nyumba kwa nguvu zaidi kwa kundi ambalo lisingekuja lenyewe, mradi hakuna anayenyimwa nyumba wala taarifa. Mstari uko hapo. Kuna pendekezo la kuweka kikomo cha Weusi lililojadiliwa Oak Park miaka ya 1970, likapingwa, likafa. Lingepita, huenda leo tungekuwa tunalisoma pamoja na Starrett.

#14 MwanaKatiba
Sawa, lakini usisahau mabango. Oak Park nao walipiga marufuku mabango ya "Inauzwa", kwa sababu mabango matano mtaani yanatisha kuliko dalali yeyote. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu iliifuta sheria kama hiyo ya Willingboro, New Jersey, kwamba inazuia uhuru wa kujieleza. Na aliyeandika hukumu ni Thurgood Marshall, mwanasheria aliyetumia nusu ya maisha yake kupigana na ubaguzi. Alisema lengo ni zuri, ila serikali haiwezi kuwaficha watu habari za kweli kwa kuogopa watazifanyia nini.

#15 Dalali Mstaafu
Kweli, ila mabango hayakurudi Oak Park kwa kasi. Madalali waliendelea kutoyaweka kwa hiari. Hapo Mpimaji anaweza kupata tunu zake: kanuni imekufa mahakamani, desturi imebaki.

#16 Mpimaji wa Mitaa
Hiari ya dalali anayejua atakosa wateja akiweka bango? 😀

#17 Msimamizi wa Jengo
Mnasuasua na ushauri, Singapore wakakata mzizi. Tangu 1989 kila jengo la serikali lina kikomo cha kila kabila, na kama asilimia 80 ya wakazi wanaishi kwenye majengo hayo. Wachina asilimia 84 kwa mtaa na 87 kwa jengo. Wamalay 22 na 25. Wahindi na wengine 10 na 13.

#18 Bi Hesabu
Rekebisha hiyo ya mwisho: ni 12 na 15 tangu 2010. Tena eleza inavyouma. Kikomo kikifika hakimzuii mtu wa kundi hilo kumuuzia wa kundi lake, maana hesabu haibadiliki. Kinachozuiwa ni kuongeza. Chukua jengo ambalo Wachina wameshafika 87. Mchina anamuuzia yeyote. Mmalay hawezi kumuuzia Mchina, na Wachina ndio wanunuzi wengi. Wanunuzi waliobaki ni wachache, bei inashuka au nyumba inakaa sokoni miezi. Gharama ya mchanganyiko inabebwa na wachache walewale mnaodai kuwalinda. Mwaka 2022 serikali ikaanza kuzinunua baadhi ya nyumba za waliokwama hivyo.

#19 Msimamizi wa Jengo
Nimekubali namba. Lakini hakuna mtaa wa kabila moja kule, na hilo Oak Park haiwezi kujisifia kwa uhakika.

#20 Mama Ramani
Nyote mmekaa kwenye mipango, hakuna aliyeuliza nani ana mamlaka. Austin ilikuwa na vikundi vya wakazi vilivyopinga madalali pia, na makanisa, na mikutano. Ilichokosa ni serikali. Ni sehemu ya Chicago: polisi wa jiji, shule za jiji, wakaguzi wa jiji. Mwenye jengo akiacha boila ife, mkazi wa Austin anapanga foleni na jiji zima. Oak Park ina halmashauri yake, polisi wake, wakaguzi wake. Mkaguzi anaweza kupita jengo moja moja la ukanda wa mashariki na kuandika faini wiki hiyohiyo.

Na mwaka 1975 ofisi za manispaa zilihamia Madison Street, upande wa mashariki, karibu na mpaka. Benki iliyokuwa inafikiria kuacha kukopesha eneo lile ikaona manispaa yenyewe imejenga hapo. Saruji ile haiwezi kuhamishwa kesho, na mtoa mikopo anajua hivyo.

#21 Dalali Mstaafu
Hoja nzito. Ila kuna vitongoji vingi vyenye halmashauri zao vilivyogeuka. Mamlaka ni sharti, hayatoshi.

#22 Mama Ramani
Sikusema yanatosha. Ongeza treni za kwenda katikati ya jiji, na nyumba za mbunifu majengo Frank Lloyd Wright ambazo watalii hulipia kuziona. Mzungu wa Oak Park alikuwa na kitu cha kupoteza akiondoka. Na bei zilipopanda, mchanganyiko wa rangi ulibaki, wa kipato ukapungua. Kodi ya majengo kule ni kubwa na inawatoa wastaafu, Weusi kwa Wazungu. Sensa ya 2020 inaonyesha sehemu ya Weusi imepungua kidogo ukilinganisha na 2010.

#23 Kalamu Nyekundu
Turudi kwenye tunu, maana ndilo swali. Zipo kwenye karatasi: mwaka 1973 halmashauri ilipitisha tamko la utofauti, na kila halmashauri mpya baada ya uchaguzi hulipitisha upya. Mnaweza kuliita maneno. Lakini mgombea anajua atalisaini hadharani, kwa hiyo anayetaka kulivunja lazima atangaze. Mtaa wa North Park, Chicago, mwaka 2016 ulianzisha kibao cha bustanini, "Chuki haina makao hapa", kwa lugha sita. Kibao kile hakimfungi aliyekiweka kwa lolote.

#24 MwanaKatiba
Tunu hizohizo ziliwafanya wapige marufuku bastola mwaka 1984, na mwaka 2010 hukumu ya Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Chicago ikazifanya sheria zao na za Chicago zisiweze kusimama. Watu wa kule wanapenda kupitisha kanuni kwanza, kesi baadaye.

#25 Chombezo
Tena kanuni nyingine hata hamjaitaja. Oak Park ni marufuku kuegesha gari barabarani usiku wa manane hadi alfajiri bila kibali. Mtaa wa utofauti, gari lisilale nje 😂

#26 Msimamizi wa Jengo
Unatania lakini hiyo ni hoja kubwa kuliko bango. Nyumba ya familia ina gereji nyuma. Majengo yale ya zamani ya mashariki yalijengwa wakati wapangaji wengi hawana gari, mengi hayana maegesho ya kutosha. Kanuni inasomeka sawa kwa wote, ila mwenye nyumba haimgusi na mpangaji ananunua kibali au analipa faini. Ukitaka kujua mtaa unamthamini nani, acha tamko, soma kanuni za maegesho.

#27 Kalamu Nyekundu
Vibali vipo, na vinatolewa kwa maeneo maalumu. Usiifanye iwe ukuta.

#28 Msimamizi wa Jengo
Si ukuta. Ni ada inayolipwa na upande mmoja.

#29 Bi Hesabu
Kuna njia ya kupunguza ubishi. Msipime manispaa nzima, asilimia 20 ya jumla inaweza kuficha mashariki yote nyeusi na magharibi yote nyeupe. Chukueni takwimu za sensa kwa block, za 1980, 1990 na 2000. Tenganisheni block zenye nyumba za kupanga zaidi ya nusu. Kama ukanda wa kupanga ulibaki umechanganyika miaka yote mitatu wakati nyumba za familia zilisogea polepole, Dalali ana hoja. Kama mchanganyiko ulishika sawa kote, hata ambako kituo hakikuwa na wateja, Mama Ramani ana hoja. Kosa la kuepuka: mipaka ya block hubadilika kati ya sensa na sensa, msilinganishe namba ya block bila kuangalia ramani ya mwaka husika.

#30 Dalali Mstaafu
Na hata ikitoka upande wangu, MwanaKatiba atasema wapangaji walielekezwa.

#31 MwanaKatiba
Walielekezwa.

#32 Mpimaji wa Mitaa
Shukrani wakuu. Naanza na ramani za 1980 na 1990. Msimamizi, unajua kibali cha usiku kinatolewa kwa gari au kwa nyumba? Inabadilisha hesabu kwa familia yenye magari mawili.

#33 Chombezo
Uzi wa ubaguzi umeishia kwenye parking, na bado hamjakubaliana 😂